Makapu Mia Sita na Matatu

Mie sipendi kupimwa. Fundi cherehani akinijia na utepe wake namwambia, kata kwa macho, ukikosea nitashona mwenyewe. Sasa mtu kama mie ndiye aliyeletewa mzungu aje kupima mchanga wa mbele ya nyumba yake.

Ilikuwa mwaka wa hamsini na nne, hapa hapa Matemwe. Mzungu alishuka garini na vyuma kumi na viwili vyenye namba nyekundu, na darubini ya miguu mitatu. Akasimamisha mtu na ubao wenye mistari hatua mia kutoka pale, kisha akauchungulia ule ubao kwa darubini asubuhi nzima. Bahari yote ile iko mbele yake, yeye anaangalia ubao! Jina lake lilikuwa refu, sisi tukamwita Bwana Vigingi.

Alifuatana na karani wa mjini, kijana wa mtaa wa Malindi, jina lake Gharib. Suruali nyeupe, kofia ya viua, mwavuli kwapani, viatu vimejaa mchanga na hataki kuvivua. Huyo ndiye aliyetueleza. Vile vyuma vitapigiliwa pwani, kila kimoja kibaki nje inchi kumi. Kila Jumatano yeye atakuja kupima. Chuma kikizidi kuchomoza, mchanga umepungua. Kikizama, mchanga umeongezeka. Baada ya mwaka watapiga hesabu wajue pwani inakwenda wapi.

"Iende wapi?" nikamuuliza. "Ina miguu?"

"Inakwenda, Bi Mwanakheir. Polepole."

"Basi ikifika mjini nisalimie."

Watu wakacheka. Hata jirani yangu Sichana alicheka, halafu akakumbuka kwamba mie na yeye hatusemi, akaufunga mdomo wake na kutazama pembeni.

Nieleze hilo la kutosemeshana, maana bila hilo hamtanielewa. Pale kwetu Sheha Mcha, mkuu wa kijiji, aliweka amri ya zamani: mchanga wa mbele ya kijiji hauchukuliwi. Ukitaka mchanga wa kujengea, nenda kule nyuma ya mawe, mwendo wa nusu saa kwenda na nusu saa kurudi, na mzigo kichwani. Amri ile mlinzi wake alikuwa mie. Hakuna aliyeniteua, nilijiteua mwenyewe, na nikaifanya kazi kwa bidii. Nikimwona mtu ameinama pwani na kapu, sauti yangu inafika kisiwani Mnemba. Siku moja nilimkuta Sichana. Nikamwita mwizi wa mchanga mbele ya wakwe zake, na nikairudia mara tatu kwa sababu mkwe mmoja ni kiziwi. Toka siku hiyo akawa hanisemeshi.

Na mie wakati huo nnajenga nyumba.

Jamani, nyumba ile! Miaka kumi na moja nimeisokotea kamba. Nazika makumbi ya nazi pwani, yanaoza kwenye maji ya chumvi miezi na miezi, nayafukua, nayatwanga mpaka bega linalia, natoa usumba, zile nyuzi zake, nasokota. Pima kwa pima mpaka nikasimamisha kuta za mawe na chokaa, vyumba viwili na ukumbi, karibu na pwani kuliko nyumba yoyote. Mume wangu alikufa akiniambia, Mwanakheir, utakuja kuishi humo ukiwa bibi kizee. Nikamwambia, basi nitakuwa bibi kizee mwenye sakafu. Ilibaki kujaza sakafu, kupiga lipu na kuezeka. Fundi Msabah akaja, akazunguka, akakuna kidevu, akasema sakafu na lipu zinataka makapu mia nne ya mchanga.

Mia nne! Nyuma ya mawe! Nikakaa chini pale pale.

Sasa nisikilizeni, na msinikatize. Ukizika makumbi unafanyaje? Unachimba shimo, unatoa mchanga, unatia makumbi, unarudisha mchanga juu. Lakini mchanga wote haurudi, kwa sababu nafasi yake imeshaliwa na makumbi. Unabaki nje. Ule uliobaki ni wa nani? Si wa bahari, bahari haikuchimba. Si wa kijiji, kijiji hakikuchimba. Nimechimba mie. Basi nnauchukua, nautia kapuni, juu nafunika usumba kidogo ili jua lisiuchome, narudi nyumbani. Huo si wizi, huo ni usafi.

Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Na kweli, siku za mwanzo nilichukua uliobaki tu. Baadaye kidogo nilikuwa nachimba shimo la kumzika ng'ombe, nazika makumbi matano. Nilikwenda adhuhuri watu wakiwa wamelala, na kila kapu nikapiga fundo moja kwenye kamba ili nijue nimefika wapi. Jumatano siendi. Jumatano ni siku ya Gharib.

Huyo Gharib naye alikuwa kituko. Kanuni ya ofisi yao ilisema kupima ni kazi ya watu wawili, mmoja asome kwa sauti na mwingine aandike na kuitikia. Ofisi ikamleta yeye peke yake. Basi anapiga magoti penye chuma na rula yake, anasoma kwa sauti kubwa: "Namba saba, inchi kumi na moja na nusu!" Halafu anasimama, anahamia upande wa pili, anachukua daftari, anaitikia: "Naam, nshaandika!" Namba zote kumi na mbili. Siku ya upepo alikuwa akijiuliza "Umesema ngapi?" na kujikasirikia. Tulikuwa tunatoka na majamvi kwenda kumtazama.

Namba nne ilimsumbua sana. Leo chuma kinachomoza, wiki ijayo kimezama, wiki ya tatu kimelala upande. Bwana Vigingi alifurahi ajabu, akasema hapo pana mkondo wa bahari usiojulikana. Miezi mitatu baadaye Gharib akaja siku isiyokuwa yake, akakuta mbuzi wa Silima kafungwa penye namba nne, anazunguka na kufukua. Masikini Gharib, aliandika "mbuzi" kwenye daftari la serikali, akaliitikia.

Namba saba ilikuwa mbele ya mlango wangu. Hiyo haikuwa na mbuzi. Hiyo kila Jumatano ilichomoza kidogo, polepole, bila kurudi nyuma. Nilikuwa nikimsikia akiisoma, inchi kumi na mbili, kumi na tatu na robo, nami ndani nnamwaga kapu jingine na kulikanyaga kwa miguu. Haikunijia kabisa kwamba mambo hayo mawili ni jambo moja. Nilidhani wanapima bahari.

Mwaka ukaisha. Mwezi wa Januari Gharib alifika bila rula, na barua mkononi. Akaisoma huku amesimama mbali kidogo, karibu na mlango wa kutokea. Kwa hesabu za pwani, nyumba ya Mwanakheir binti Ame italiwa na bahari mwaka wa hamsini na tisa. Kwa hiyo isiezekwe. Baada ya wiki mbili Mudiri, mkuu wa serikali upande wetu, atakuja mwenyewe kuamua, na ikithibitika, nyumba ibomolewe, mwenyewe apewe kiwanja kule bara, mbali na bahari, kwenye mawe.

"Isiezekwe?" nikasema. "Masika inakuja. Kuta za chokaa mbichi bila paa, masika ikizipiga zitabaki uji."

"Nnajua, Bi Mwanakheir."

"Unajua nini wewe? Wewe hata viatu huvui!"

Akaondoka mbio, na mwavuli akausahau. Nilikaa katikati ya ukumbi wangu usio na paa, nikatazama mbingu, nikalia kwa hasira, kile kilio cha kukunja ngumi.

Asubuhi yake nikavaa buibui, nikatia pweza mkavu kwenye kapu langu lile lile, nikachukua na ule mwavuli, nikapanda gari la abiria kwenda mjini. Tulipita Bububu, tulipita Mtoni, mwavuli nimeupakata. Kule mjini nikauliza ofisi ya mzungu anayepima mchanga, watu wakadhani nina homa. Mwishowe nikaipata, ghorofani, kwenye kichochoro nyuma ya Forodhani, ngazi zake zimesimama wima kama mnazi.

Bwana Vigingi hakuwepo. Gharib aliponiona aliinuka, kiti kikaanguka.

"Shikamoo, Bi Mwanakheir."

"Marahaba. Huu mwavuli wako, huyu pweza wako, na mie nnataka kuiona hiyo bahari iliyonila."

Akanipeleka kwenye ukuta. Karatasi kubwa, imechorwa vitone. Vitone kumi na viwili vya mwaka mzima, kila mwezi kitone chake, vinateremka. Juu ya vitone kapigwa mstari mnyoofu kwa rula, na vitone vilipokwisha mstari haukwisha. Umeendelea kuteremka, hamsini na sita, hamsini na saba, mpaka umegusa kisanduku kidogo cheusi. Kisanduku kile kilikuwa nyumba yangu.

"Hapa mmepima," nikasema, nikagusa vitone. "Na huku chini mmepima lini?"

"Huku bado hatujapima. Huku ni ikiendelea hivi."

"Nani kasema itaendelea hivi?"

"Rula," akasema, na akaona haya mwenyewe.

"Mwanangu Gharib, sikiliza. Jirani yangu Sichana alizaliwa ana dhiraa moja. Alipotimia miaka kumi ana dhiraa tatu. Mtie kwenye rula yako. Leo ana miaka arubaini, ikiendelea hivi angekuwa anaangua nazi bila kupanda!"

Gharib alicheka mpaka akafuta machozi. Halafu akasema jambo lililonikata maini. "Lakini mchanga umeondoka kweli, Bi Mwanakheir. Hiyo si rula. Hiyo tumeipima."

"Kiasi gani?"

Akanitajia futi za ujazo. Nikamwambia mie sijui hiyo lugha, niambie kwa makapu. Basi akachukua kapu langu, akalipima kimo, akalipima mdomo, akalipima kitako, kila kipimo akasoma kwa sauti na kujiitikia. Akaandika, akafuta, akaandika tena.

"Mbele ya nyumba yako na za jirani zako," akasema, "kwa kapu kama hili, yameondoka makapu mia sita na matatu."

Nikakaa kwenye kile kiti kilichoanguka, nacho bado kimeanguka.

Kwa sababu kule nyumbani, kwenye msumari nyuma ya mlango, ilikuwepo kamba yenye mafundo mia nne na kumi na mbili. Mia nne za fundi, kumi na mbili za baraza, maana nilitaka na baraza.

Gharib aliniuliza kama naumwa. Nikamwambia ngazi. Akaniletea maji. Njia nzima ya kurudi nilikuwa nnahesabu na kuhesabu upya, na kila nikihesabu bahari inazidi kuwa mie. Nikisema, nyumba huenda ikapona, lakini nitautazama kwa jicho gani uso wa Sichana? Nikinyamaza, jina langu linabaki safi na nyumba inakuwa kifusi. Wiki mbili sikulala vizuri wala sikula vizuri. Hata kugomba sikugomba. Sheha Mcha alimtuma mkewe Mwanaasha aje kunitazama kama ni mzima.

Siku ya mkutano ikafika, asubuhi kweupe. Mudiri alikuja na kiti chake mwenyewe. Bwana Vigingi akaitundika ile karatasi kwenye mlango wangu, kwa misumari, kwa sababu kijiji kizima hakukuwa na mlango mrefu kama ule. Watu walijaa pwani yote. Sichana alikuwa mbele kabisa, kavaa kanga mpya, kama aliyekuja harusini.

Bwana Vigingi akaeleza, Gharib akatafsiri. Vitone, mstari, kisanduku. Mudiri akamaliza upesi. "Nyumba itakayoliwa haiezekwi. Mwenye nyumba ana neno?"

Nilisimama.

"Nina neno," nikasema. "Mchanga haukuchukuliwa na bahari. Nimeuchukua mie."

Bi Wanu, msokota kamba mwenzangu, akasema "Toba!" na pwani nzima ikalipuka. Mwanakheir! Mwanakheir mwenye kupiga kelele! Mzee mmoja alicheka mpaka akakalia chuma namba sita, akainuka hacheki. Mie nilitamani ule mchanga unifunike, lakini ndio hivyo, ulikuwa umepungua.

Nikaitoa ile kamba kifuani, nikamrushia Gharib. Akahesabu mafundo, kwa sauti, na safari hii kijiji kizima kilimwitikia. "Mia nne na kumi na mbili!"

Bwana Vigingi alipotafsiriwa, nilitegemea atakasirika. Wapi! Alirukaruka. Alinishika mikono yote miwili akaitikisa. Akasema Kiswahili chake cha kitabuni: "Mama, ninakushukuru kwa mchanga wako." Akaomba nimweleze nilivyofanya, nikamweleza habari ya makumbi na mchanga unaobaki. Akaandika kila neno. Akasema, ukifukua makumbi shimo linabaki tupu, mawimbi yanalijaza kwa mchanga wa pembeni, pembeni inapungua, hivyo pwani nzima inashuka kidogo kidogo. Kisha akatoa mia nne na kumi na mbili kwenye mia sita na matatu. Ikabaki mia moja tisini na moja.

"Hayo ndiyo ya bahari," akasema. Akachukua rula, akapiga mstari mpya. Ulilala kidogo kuliko ule wa kwanza, lakini nao uliteremka. Ukafika kwenye kisanduku mwaka wa sitini na saba.

"Itakayoliwa ni itakayoliwa," akasema Mudiri. "Haiezekwi."

Nimejivua nguo mbele ya watu wazima na watoto, na nyumba bado inakwenda. Nikakaa chini mchangani, mbele ya namba saba.

Basi nikasikia mtu anakohoa. Alikuwa Bi Time, mama mtu mzima, hajawahi kugombana hata na kuku. "Samahani," akasema. "Na mie, ule unaobaki. Nilikuwa na jiko la kujaza. Ishirini na matatu."

"Makapu kama lile?" akauliza Gharib.

"Madogo zaidi."

"Lete kapu." Likaletwa. Likapimwa. Lilikuwa kubwa kuliko langu. Bi Time akasema basi huenda limekua, Gharib akaandika ishirini na matatu na kumwachia.

Kisha Bi Wanu, yule aliyesema toba, akanong'ona arubaini. Kisha Shemsa, kumi na saba, akilia kama aliyefiwa. Kisha Sheha Mcha akageuka nyuma taratibu sana, kwa sababu mkewe alikuwa amenyoosha mkono.

"Mwanaasha!"

"Thalathini na moja," akasema Mwanaasha. "Na usinitolee macho. Ile sakafu unayoswalia ulidhani nimeifuma?"

Kila mmoja alikuwa na maelezo yale yale. Ukizika makumbi, mchanga unabaki. Uliobaki ni wa nani? Sote tulikuwa tumelijibu swali lile, kila mtu kwake, kimya kimya, na sote tukapata jibu moja. Gharib alijumlisha, akasoma, watu wakaitikia. Mia tano ishirini na matatu. Bwana Vigingi akatoa. Yakabaki makapu themanini. Rula ikalala tena, ikaenda mbali, ikatoka kwenye karatasi. Akaunga karatasi nyingine kwa msumari. Mwaka wa themanini na tano.

"Mwaka huo nitakuwa nimekufa," nikamwambia Mudiri.

"Wewe ndiyo. Nyumba bado," akasema Mudiri. "Na kitakacholiwa kitaliwa."

"Yuko mwingine?" akauliza Gharib. Akauliza mara mbili. Wanawake wakatazamana. Halafu, mmoja mmoja, wakamtazama Sichana.

Sichana alikuwa kafunga mikono kifuani. Na alikuwa ananitazama mie. Hakuna aliyekuwa na ushahidi juu yake, hakuna aliyeweza kumlazimisha. Alichotakiwa kufanya ni kukaa vile vile alivyo mpaka Mudiri anyanyue kiti chake, na kesho angeniona nimebeba jamvi kichwani naelekea kwenye mawe. Na haki yake, kwa niliyomtenda. Nikayashusha macho. Sikumwomba. Ningeweza kuomba bahari, yeye nisingeweza.

"Mia," akasema Sichana.

"Umesema ngapi?" akauliza Gharib, na safari hii hakuwa anajiuliza yeye.

"Mia moja. Kapu kama la huyo, nimelisuka mie, na lake nimelisuka mie. Andika basi, mbona umeduwaa!"

Akaandika. Wala hakuitikia, alisahau. Akampa Bwana Vigingi ile karatasi. Yule mzungu akatoa mara moja, akatoa mara mbili, akavua kofia akajikuna kichwa. Tulikuwa tumechukua makapu mia sita ishirini na matatu. Yaliyokosekana yalikuwa mia sita na matatu.

Kwa hiyo bahari haikuchukua hata kapu moja. Bahari, masikini, mwaka mzima ilikuwa inaongeza. Iliongeza makapu ishirini, nasi tunaichimbia chini yake.

Bwana Vigingi akapiga mstari wa nne. Ule ukapanda. Akaurefusha kwa furaha mpaka Mudiri akamnyang'anya rula. "Hii nyumba," akasema Mudiri, "iezekwe hata leo. Na mchanga wa watu urudishwe, kapu kwa kapu, kutoka nyuma ya mawe. Sheha utasimamia."

"Kuanzia nyumbani kwake," akasema mtu nyuma, na Sheha Mcha akajifanya hakusikia.

Watu walitawanyika wakicheka. Mie nilibaki nimekaa. Sichana naye alibaki, anakung'uta mchanga kwenye kanga yake mpya, anakung'uta mahali ambapo hapana mchanga.

"Kwa nini umesema?" nikamuuliza. Yalikuwa maneno yangu ya kwanza kwake kwa miaka miwili.

"Niliapa nitakuona unatoka humo," akasema. "Nilivaa kwa ajili hiyo. Halafu ukasimama ukasema ni mie. Mdomo wote ule, ukasema ni mie." Akavuta pua. "Nikaona haya kukaa kimya. Usidhani nakupenda."

"Sidhani."

"Vizuri."

Nikainuka. Nikasema, "Karibu ndani uione."

Alivua viatu mlangoni. Akatembea juu ya sakafu yangu polepole, chumba cha kwanza, chumba cha pili, akarudi ukumbini, jua limejaa kila pembe kwa kuwa paa hakuna. Akaweka kiganja kwenye lipu, akakishusha kutoka juu mpaka chini. Akarudi nyuma hatua tatu, akafumba jicho moja kama mzungu na darubini yake.

"Ukuta huu umepinda," akasema.

Nami nikamwangalia, nikauangalia ukuta, nikaenda kumpikia chai.